Acha Hiyo

Sikia, mimi nilisema "acha". Ukiniamsha hata kesho nitakwambia hivyo hivyo.

Mjomba ni fundi bomba. Nilipomaliza shule nikawa nashinda kwenye kochi, mama akamwambia, "Kaka, mchukue huyu kabla hajaniozea sebuleni." Basi tukapata kazi ya kushusha tangi bovu la chuma kutoka juu ya ghorofa. Juu alikuwa shemeji, mume wa dada, tunamwita Kobe sababu ya shingo yake. Kamba kaizungusha kwenye nguzo, anailegeza kidogo kidogo. Mjomba yuko chini, analipokea. Mimi niko katikati, dirishani. Jenereta la jirani lilikuwa linanguruma, hawasikilizani, kwa hiyo kazi yangu ni kuchukua maneno ya chini na kuyarusha juu.

"Spika, upo?" mjomba akanitania.

"Nipo, mjomba!"

"Usinilie maneno njiani."

Tangi likashuka vizuri, likabaki kama mita moja. Mjomba akaona ubao wa kuliwekea umekaa upande. Akainama, akaingiza mkono wa kulia aunyooshe.

"Acha!" akapaza. Yaani Kobe asimame hapo hapo.

Nikatoa kichwa nje. "Shemeji, acha hiyo!"

Kobe akaachia.

Ukelele sikuusikia, jenereta. Nilimwona tu mjomba kapiga magoti, kafumbua mdomo kama mtu anayepiga miayo.

Hospitali walimkata vidole vinne, kikabaki gumba. Kule kwenye korido mimi na Kobe tukashikana mashati.

"Ulisema achia hiyo!"

"Nilisema acha hiyo, we kiziwi!"

"Haya, sema haraka. Sema haraka kama siku ile!"

Nikasema haraka. Mama, aliyekuwa kwenye benchi, akageukia ukutani.

Sasa ni mwezi wa pili tangu siku ile. Mjomba yuko kwetu, mke wake anakuja Jumapili. Spana zake ziko chini ya kitanda, kazifunika gazeti. Hajaniuliza hata siku moja nilisema nini, na ndicho kinachoniua. Nilimwanza mwenyewe juzi.

"Mjomba, ile siku mimi..."

"Chai iko wapi?"

Nikamletea. Akanyoosha mkono wa kushoto, ambao bado haujazoea. Akashika sikio la kikombe. Na mimi nimeshika.

"Achia," akasema.

Nikabaki nimeshika.

"Achia, mjomba." Na yeye huniita hivyo hivyo, mjomba.

"Umesema achia?"

Akanitazama. Chai ilikuwa inatuchoma wote wawili, inamwagika kwenye shuka.

"Nimesema achia. Siku ile ndiyo nilisema acha."

Nikaachia. Kikombe kikamponyoka.