Mjapani Anakuja Jumapili

Mchungaji Zénon aliileta habari ile saluni kwa furaha zake zote. Hakuingia ndani, maana saluni ilijaa wanawake na yeye ni mtu wa kujichunga. Alisimama mlangoni akapaza sauti kuishinda ile mashine ya kukaushia nywele.

“Maman Julienne! Dimanche tuko na mgeni. Mama moja mzee wa Japon, mtu wa kanisa, anatembelea makanisa yetu sisi wageni hapa Durban. Nimemwambia chorale yetu iko na nyimbo, akisikia atalia. Mutamwimbia *Nimekuwekea Nafasi*.”

Vidole vya Julienne, vilivyokuwa vinasuka rasta kichwani mwa Kendi, vilikaza.

“Woi!” Kendi alipiga kelele. “Julienne, hizo ni nywele, si kamba ya mbuzi!”

“Pardon,” Julienne alisema. Kisha akamgeukia mchungaji. “Pasta, tuimbe ingine. Ile watu wameizoea sana.”

“Ile ndiyo Roho alikupa wewe mwenyewe. Nitamnyima mgeni chakula kizuri nimpe kiporo?” Mchungaji alicheka, akaaga, akapotea katikati ya wachuuzi wa barabarani.

Julienne alibaki ameshika kitana. 

Wimbo ule ulikuwa wa Mjapani, na kanisa zima hakuna aliyejua isipokuwa yeye.

Mumewe, Peguy, alikuwa dereva wa magari ya Kijapani, yale yanayochokwa kwao yakashushwa hapa bandarini. Sheria haiyaruhusu kubaki nchini. Lazima yapandishwe kaskazini, yavuke mipaka mpaka Lubumbashi. Redio zake zimetengenezwa kwa stesheni za kwao. Namba zinaishia tisini, na huku kwetu stesheni karibu zote zinaanzia pale. Ukiwa Durban utanasa ile ya nyimbo za Kihindi wanayoipenda watu wa Chatsworth, mtaa wa Wahindi, basi. Ukishaondoka mjini unabaki na injini na mawazo yako. Ila madereva wana desturi yao: kitu alichosahau Mjapani ndani ya gari ni cha dereva. Mmoja huokota mwavuli, mwingine kandambili. Peguy aliikuta CD ndani ya redio.

Ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Michiyo Hanamura. Karani wa yadi, aliyezoea kushughulika na Wajapani, alimwambia zile ni nyimbo zake zinazopendwa kuliko zote, na kwamba mama huyo alianza kuimba babu zao wangali na nywele. Peguy aliondoka nayo kila safari. Hakujua neno hata moja, lakini kutojua kitu hakujawahi kumzuia Peguy kukisema. Alitia maneno yake. Siku akiwa nyumbani kati ya safari na safari, yeye ndiye aliyepika, hasa sombe, kisamvu cha kwao Kongo, na Julienne akikawia saluni alipigiwa simu na kuimbiwa:

*Nimekuwekea sombe, Julienne, usichelewe, njia ni ndefu na mimi nakungoja.*

Wanawake wa saluni walikuwa wakivunjika mbavu. Julienne alijifanya kuona aibu, lakini simu ile aliingoja mchana kutwa.

Safari ya mwisho, Julienne alimwomba amwachie CD, aisikilize akifua. Peguy akamwachia. Mbele kidogo ya Kapiri Mposhi, kule Zambia, alisinzia kwenye usukani, na hakuamka tena. Hakuna aliyemwambia Julienne kwamba nyimbo zingemwamsha, lakini aliamini hivyo, na aliamini kila siku.

Kanisa halikumfanyia Peguy matanga. Alikuwa mnywaji, na mlango wa kanisa aliujua kwa nje tu, akimsubiri mkewe. Mchungaji Zénon alisema, kwa upole kabisa, kwamba altare haiwezi kutaja jina la mtu aliyekufa ameipa kisogo. Julienne alilia nyumbani, peke yake. Miezi ikapita. Siku moja, akifagia ukumbi kabla ya mazoezi ya kwaya, akasahau akaimba. Kwa kuwa alikuwa kanisani, aliweka “nafasi” mahali pa sombe, na “Bwana” mahali pa jina lake. Mchungaji alikuwa nyuma yake. “Umeutoa wapi?” aliuliza, macho yamemjaa machozi. Julienne angesema nini? Jina lenyewe lilikuwa limekatazwa. Alinyamaza, na mchungaji akajijibu mwenyewe: Roho. Sasa nyimbo zilikuwa nne, zote za Mama Hanamura. Watu walifunga ndoa kwazo. Julienne, mjane wa mlevi, alipewa kiti cha mbele na uongozi wa kwaya.

Pale saluni, alijikuta anamweleza Kendi yote, kwa kunong’ona, mikono ikiendelea kusuka. Kendi alikuwa Mkenya anayesomea udaktari wa falsafa pale chuo kikuu. Alisali kwingine, na kwa hiyo siri ingekaa.

“Aki Julienne,” Kendi alisema, akitoa simu. “Unaogopa kitu hujui hata kinasema nini. Pengine ni wimbo wa Mungu. Ngoja tuone.”

Aliutafuta, akaupata. Huyo hapo Mama Hanamura, gauni jeupe, uzee haujamtisha. Kendi aliyalisha maneno kwenye programu ya kutafsiri, akasoma, akarudia kusoma. 

“Sema,” Julienne alimhimiza.

“Ni mwanamke, yuko kwa baa. Baa ya bandarini. Anangoja mwanaume aliondoka, na kila jioni anamwekea glasi yake ya pombe mezani. Watu wanamcheka. Anajua harudi, na bado anaweka.” Kendi aliinua macho. “Halafu huu wimbo kule unajulikana na kila mtu. Watoto, wazee, kila mtu. Huyo mama atautambua kabla mmalize mstari wa kwanza.”

Julienne aliketi. Baa ilimtisha, ndiyo. Alishaiona sura ya mchungaji atakapojua kwamba maharusi wake wametembezwa kwa wimbo wa pombe. Lakini kilichomuuma zaidi ni ile glasi. Nyumbani kwake, Jumba la Smith Street, chumba cha nyuma, sahani ya Peguy bado ilikuwa juu ya rafu na kila Jumamosi aliiosha.

“Ujifanye mgonjwa,” Kendi alimshauri.

Alijaribu. Jumamosi kwenye mazoezi alishika koo, akasema sauti imekwenda. Odette, alto wake mkuu, mama mnene mwenye huruma ya kuchosha, alimkimbilia na tangawizi, asali na mafuta ya kupaka kifuani, na kwaya nzima ikamwekea mikono na kumwombea mpaka Julienne akaona haya kuendelea kuumwa. Alipona pale pale. Watu wakashangilia uponyaji, na yeye akazidi kuzama.

Jumapili ikafika bila kubembelezwa.

Kanisa lao lilikuwa ukumbi wa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la samani. Mgeni aliketishwa mbele, kwenye kiti kilichotandikwa kitenge. Alikuwa kimama kidogo, nywele nyeupe zimekatwa fupi, mkoba magotini, jina lake Mama Fumiko. Alisema Kiingereza cha kuokoteza, na Mchungaji Zénon alikigeuza Kiswahili kwa mbwembwe. Alimwinamia kila aliyemsalimia, na waumini, kwa adabu, nao wakamwinamia, hata salamu zikakataa kwisha. Wengine walicheka. Julienne hakuweza. Jasho lilimtiririka ndani ya joho la kwaya.

“Na sasa,” mchungaji alitangaza, “wimbo wenye Roho alishusha hapa hapa, Durban, katika nyumba hii!”

Kinanda kilianza. Julienne alipanga kuupotosha, auimbe upesi, auvunjevunje mpaka mwenyewe asiutambue. Lakini kwaya aliifundisha mwenyewe na aliifundisha vizuri. Sauti zilipanda palipostahili, zikashuka palipostahili. *Nimekuwekea nafasi, Bwana, usichelewe.* Alimtazama mgeni.

Mama Fumiko aliinua kichwa. Alikunja uso kama mtu anayesikia anaitwa jina katika mji asio na jamaa. Kisha midomo yake ikaanza kucheza.

“Amenikamata,” Julienne alijisemea. Aliukosa mstari mzima, na Odette akambebea.

Wimbo ulipokwisha, Mama Fumiko alisimama. Hakungoja kukaribishwa. Alifunga macho, akaweka mkono kifuani, akaimba. Ilikuwa tuni ile ile, kwa Kijapani, kwa sauti nyembamba ya kizee iliyotetemeka kwenye miisho. Aliimba ubeti wa kwanza wote. Aliimba na wa pili, ambao Julienne hakuwahi kuutumia. Honi za teksi zilisikika kule chini barabarani.

Alipomaliza alisema neno kwa Kiingereza, akijipangusa macho. Mchungaji Zénon alikitwaa kipaza sauti.

Julienne alianza kuvua joho. Kweli, alishafungua kifungo cha juu.

“Kanisa!” mchungaji alinguruma. “Munasikia mama anasema nini? Anasema ile wimbo anaijua toka iko mtoto wa kike! Toka mtoto! Munaelewa? Roho yule alimpa Maman Julienne hapa, aliwapa na wao kule Japon! Wimbo moja! Bahari yote ile katikati, na Roho moja!”

Ukumbi ulilipuka. Viti vilianguka. Watu walirukaruka, walilia, walimkumbatia Mama Fumiko aliyekuwa anatabasamu bila kujua kosa lake wala lao. Odette alipiga magoti akiinua mikono. Na Julienne, aliyekuja na shingo tayari kukatwa, alijikuta anashikwa mabega na kusukumwa mbele, anabusiwa viganja, anaitwa nabii.

Alikuwa ameokoka. Ilikuwa imekwisha. Hakuna ambaye angeuliza tena mpaka anaingia kaburini.

Na hapo ndipo uchungu ulipomshika, uchungu hasa, mbaya kuliko hofu ya wiki nzima. Maana aliona jinsi itakavyokuwa. Wimbo huu utasimuliwa miaka na miaka, Durban na Japon na Roho katikati, na mtu aliyekuwa akiuimba na mwiko mkononi, kaptula imemtoboka, ananusa sombe kama imeiva, hatakuwemo hata kidogo. Wamemnyima matanga. Sasa na wimbo wamemnyang’anya, na yeye mkewe ndiye aliyewashikia mfuko.

“Shuhudia, Maman!” Mchungaji Zénon alimtia kipaza sauti mkononi. “Ambia mgeni. Ile siku, Roho alikuja namna gani?”

Kelele zilipoa. Nyuso zote zilimwelekea, zinang’aa. Mama Fumiko naye alimtazama.

Julienne alikisogeza mdomoni. Angeweza kusema alikuwa anafagia. Isingekuwa hata uongo. Alikitazama kile kiti chake cha mbele.

“Alikuja na gari,” alisema.

“Amen!” mtu aliitika kutoka nyuma.

“Gari ya transit, ya kwenda Lubumbashi. CD ilikuwa ndani. Wimbo ni ya Mama Hanamura wa Japon, ni ya mwanamke mwenye anangoja bwana wake kwa baa.” “Amen” za nyuma zilikatika. “Lakini maneno yenye munaimba, yenye inawaliza, ni ya mtu mwingine. Pasta, umeniuliza Roho alikuja namna gani. Alikuja ananuka pombe kidogo. Anaitwa Peguy.”

Jina lile lilitoka kwenye spika zote mbili, likazunguka ukumbi ambao halikuwahi kuingia. Mchungaji Zénon alinyoosha mkono kudai kipaza sauti. Mkono ulikuwa wa upole, kama siku zote.

Julienne hakumpa. Alikishika kwa mikono yote miwili, akampa kanisa mgongo, akamgeukia yule kimama wa Kijapani, akaimba kama alivyoimbiwa yeye:

*Nimekuwekea sombe, Peguy, usichelewe...*

Mama Fumiko hakuelewa neno hata moja. Aliuweka mkoba wake chini, akamwitikia.