Barua ya Kisima Nambari 47

Nzioka aliisuuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima kile kile, akaijaza mpaka shingoni, akaifunga kizibo na kuandika 47 ubavuni kwa wino mzito. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwishoni mwa Mei mwaka 2000, na hiyo ilikuwa chupa ya kumi na mbili kutoka kisima hicho. Alikuwa bado na visima sita vya kupitia siku hiyo, na dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi.

Kisima kilikuwa katika boma la Kalondu, upande wa Mwala, hatua thelathini kutoka jikoni. Marehemu baba mkwe wake alikichimba kwa mikono, futi arobaini, akakijengea pete za simiti na kifuniko cha bati. Mwaka 1994 watu wa utafiti wa maji walifika, wakapaka nambari 47 kwa rangi nyeupe kwenye pete ya juu, wakapima kina na kuchukua chupa ya kwanza. Tangu hapo walirudi mara mbili kila mwaka, baada ya mvua za masika na baada ya mvua za Novemba, hata ile miaka ambayo mvua yenyewe haikurudi.

Kalondu alisimama kando akiwa na mtoto mgongoni. Swali lake lilikuwa lile lile la miaka yote, na hakuona haya kulitoa tena, maana kuuliza si ujinga. Binti yake mkubwa, Mueni, alikuwa na meno ya kahawia yaliyoliwa kingo. Wa pili, Wathome, aliyezaliwa mwaka 1995, alitembea magoti yakigongana, na mwalimu alimwachilia mapema ili afike nyumbani pamoja na wenzake. Wa tatu, Kasiva, ndiye huyo wa mgongoni. Alikuwa na miezi minne na hajaonja kitu ila ziwa la mama.

"Bwana Nzioka, huyu ako karibu kuanza usuu," Kalondu alisema. Usuu ni uji. "Nataka kujua nitampikia na maji gani. Hii, ama ile ya mtoni?"

"Mwaitu, mimi kazi yangu ni kubeba tu," Nzioka alijibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Lakini mwaka huu kuko na fomu mpya. Matokeo yanatoka baada ya wiki sita, na mwenyewe anaenda kuchukua."

Aliiweka fomu juu ya boneti ya gari. Mstari wa kwanza uliuliza jina la chanzo cha maji, naye akaandika Kisima Nambari 47. Mstari wa pili uliuliza kina. Wa tatu uliuliza jina la atakayechukua matokeo. Honi ikalia tena. Nzioka alikuwa amejaza fomu za visima kwa miaka sita, na kila palipoulizwa jina, mkono wake ulijua jina moja tu. Akaandika Kisima Nambari 47, akatia sahihi, akaondoka.

Wiki sita hizo Kalondu hakutulia. Mtoni ni mwendo wa saa mbili na punda, na ukifika hukuti maji, unakuta mchanga. Unachimba shimo, unakaa kando yake, unangoja maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Kama maji ya kisima yalikuwa mazuri, hakukuwa na haja ya kujitesa hivyo. Kama yalikuwa mabaya, basi alikuwa amewaharibu watoto wawili kwa mikono yake mwenyewe, na wazo hilo lilimwamsha alfajiri kabla ya jogoo. Kasiva alianza kufuata kijiko kwa macho kila wenzake walipokula. Kuna siku Kalondu aliwasha moto, akateleka sufuria ya uji, akaimwaga kabla haijachemka.

Barua ilikuja katikati ya Julai. Aliileta Onesmus, naibu wa chifu, kwa baiskeli. Iliandikwa hivi: "Kwa Kisima Nambari 47. Matokeo yako yako tayari. Unatakiwa kufika ofisini Machakos wewe mwenyewe, siku yoyote ya kazi, ukiwa na kitambulisho." Onesmus alieleza kwamba barua ni ya aliyeandikiwa, na kwamba yeye kama mtu wa serikali hawezi kumkabidhi mtu mwingine, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameshaifungua na kuisoma njiani. Aliiweka juu ya kifuniko cha kisima, akaondoka, na Kalondu naye akaisoma mara mbili. Kisha akafunua kifuniko cha bati na kuiachia barua ndani ya kisima, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa anwani yake.

Asubuhi iliyofuata kisima hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na ardhi tambarare, ngumu, na mbuzi wanne wamesimama wakiitazama. Wanawake wa maboma tisa yaliyokuwa yakichota hapo walikuja na mitungi yao, wakaambiwa kisima kimeitwa Machakos, wakauliza kitarudi lini. Mmoja alisema afadhali kimeenda chenyewe, maana asiyekuwepo na lake halipo.

Kilichukua siku mbili njiani. Katika mji mdogo wa Masii kilipumzika karibu na soko, watu wakachota bila fujo, kikaendelea. Kwenye kizuizi cha barabarani polisi walikisimamisha, wakazunguka nyuma kuangalia kama kina taa, wakakiruhusu kipite. Mlima wa kuingia mjini kilipanda polepole sana, na magari yaliyokuwa nyuma yake yalilalamika kama yanavyolalamikia trekta.

Alhamisi saa tatu na dakika kumi kiliingia katika ofisi ya utafiti. Mapokezini alikuwepo Faiza, karani wa masjala, mwanamke wa familia ya Kiislamu inayokaa nyuma ya msikiti wa mjini. Alifungua daftari la wageni, akaandika jina, akaandika saa, na penye sababu ya kuja akaandika matokeo. Kisha akaomba kitambulisho. Kisima hakikuwa nacho. Faiza alikiomba radhi kwa upole, akakionyesha mahali pa kungojea, kwenye ukumbi baina ya ubao wa matangazo na mlango wa choo. Wafanyakazi wenye matumbo walilazimika kupita kiubavu.

Msimamizi wa utafiti, Bwana Ndeti, aliarifiwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na hiyo ni shida ya namna nyingine. Alitoka, akaisoma ile nambari nyeupe, akasema bila kitambulisho hawezi kujua kama hicho ndicho kisima chenyewe au ni kingine kilichojipaka rangi. Faiza aliuliza kama barua ya chifu ingetosha. Bwana Ndeti akasema ingetosha, lakini iwe na picha mbili ndogo. Mambo hufuata mkondo wake, alisema, akarudi kwenye meza yake.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa hesabu za ofisi siku ya tatu ilikuwa Jumatatu, na mifereji ya mji ilikuwa mikavu tangu Jumamosi. Mama wa chai alishusha ndoo kisimani, akachemsha birika, akawagawia wafanyakazi wote. Bwana Ndeti alishakunywa nusu kikombe alipouliza maji yametoka wapi. Alipoambiwa, alikiweka kikombe chini taratibu. Hakugomba. Aliingia ofisini kwake, na ilipofika saa tano kasorobo ilani ilikuwa imepigwa chapa, imetiwa sahihi na muhuri, na kubandikwa ubaoni:

"Kwa wafanyakazi wote. Maji ya Kisima Nambari 47 yana madini ya floridi mara nne zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa. Yanadhuru meno na mifupa, hasa ya watoto. Ni marufuku kuyanywa au kuyapikia kuanzia leo."

Kalondu alifika saa sita, akiwa amepandishwa na lori lililokuwa likipeleka mchanga mjini. Alikuwa na Kasiva mgongoni na mtungi mtupu mkononi, maana alikuwa amesikia kisima chake kiko huku, na nyumbani walikuwa wameshamaliza maji ya kukopa. Alikiona ukumbini, akakigusa pete ya juu kama mtu anayemgusa ng'ombe wake sokoni. Faiza alimweleza kwamba matokeo yangetolewa kwa kisima tu, ndivyo fomu ilivyosema, na kwamba kisima bado hakijapata kitambulisho. Aliyasema hayo akitazama daftari. Kisha akainuka, akavuta kando kiti kilichokuwa mbele ya ubao wa matangazo, akarudi kuketi.

Kalondu alisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Alipomaliza alianza tena kutoka juu.

"Hii ilijulikana lini?" aliuliza.

Faiza alikuwa ndiye mwenye kupanga faili zote za visima. Angeweza kumwambia angoje msimamizi, na ndivyo alivyotakiwa kufanya.

"Tangu chupa ya kwanza, dada," alisema. "Disemba tisini na nne."

Kalondu alihesabu. Disemba ile Wathome alikuwa tumboni. Magoti yake yalikuwa hayajabeba uzito wowote. Hasira ilimpanda ikamjaa kifuani hadi akashindwa kulia, na mtoto mgongoni, aliyehisi joto lile, akaanza kulia kwa niaba yake.

Bwana Ndeti alitoka kusikiliza kelele. Alimpa Kalondu kiti na kuagiza aletewe chai iliyopikwa kwa maji ya tangi la paa, lililokuwa limefungiwa mpaka asubuhi ile. Alieleza kwa sauti ya kawaida kwamba utafiti haujaisha, na matokeo ya utafiti usioisha hayatangazwi, huenda yakawapotosha watu. Zaidi ya hayo, wanaokunywa maji wangeacha kuchota, kina cha kisima kingebadilika, na takwimu zote zingevurugika. Lakini ripoti ikishakamilika itapelekwa Nairobi, na huko, akasema, ndiko mabomba hutoka.

"Na hawa wako wamekatazwa ndani ya saa moja," Kalondu alisema.

"Hawa si sehemu ya utafiti," alisema Bwana Ndeti.

Alilisema bila ubaya wowote. Lilikuwa kweli. Kalondu hakuigusa chai. Alijifunga mtoto upya, akachukua mtungi wake. Akakiambia kisima kwa Kikamba kwamba waende nyumbani, maana kile kilichowaleta wamekwisha kukisikia. Faiza aliandika katika daftari la wageni saa ya kuondoka.

Walirudi kwa miguu. Siku tatu walitembea, mama mbele, kisima nyuma, wakilala kwa watu waliowapokea. Njiani watu walipokuja kuchota, Kalondu aliwaambia kilichoandikwa ubaoni. Wengine waliacha. Wengine walimwangalia, wakaangalia jua, wakashusha ndoo.

Nyumbani kisima kiliingia mahali pake pale pale na mbuzi wakasogea. Wanawake wa maboma tisa waliitwa, wakaambiwa. Kisha wakauliza sasa wafanye nini. Kalondu alijua jibu la swali lake la miaka sita, na sasa alikuwa na lingine.

Aliazima punda. Kila alfajiri alikwenda mtoni, akachimba, akangoja, akarudi na mtungi mmoja wa maji ya Kasiva peke yake. Mueni na Wathome waliendelea na ya kisimani, kwani mtungi mmoja haugawanyiki mara tatu, na huko kuchagua baina ya watoto kulimkondesha kuliko safari yenyewe. Uji wa kwanza Kasiva aliutema, wa pili akaumeza. Shimo lilizidi kuwa refu kila siku, likamfika kiunoni, likamfika mabegani. Siku ya kumi na saba jembe liligonga mwamba. Alichimba mahali pengine, na pengine, mpaka punda akajilaza kivulini na kukataa kusimama. Kote chini kulikuwa na mwamba mkavu.

Wiki ileile Nzioka alikuja na gari. Safari hii alizima injini na kuteremka na kofia mkononi. Alisema ofisi imekaa kikao. Kwa kuwa kisima kilihama kutoka mahali pake, hata kama kilirudi, takwimu zake za miaka sita zimefutwa, na utafiti wake utaanza upya. Ripoti sasa itakuwa tayari mwaka 2006. Alisuuza chupa mara tatu, akaijaza, akaandika ubavuni kwamba ni ya kwanza.

"Makosa ilikuwa yangu, mwaitu," alisema. "Hapa kwa atakayechukua matokeo, sasa nimeandika jina yako."

Alimwonyesha. Kweli alikuwa ameliandika vizuri, kwa herufi kubwa. Kalondu alimshukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na gari likaondoka.

Saa saba Kasiva alianza kulia kwa njaa. Maziwa ya mama yalikuwa yamepungua kwa zile safari za mtoni. Kalondu alisimama mlangoni akitazama barabara, akaingia ndani, akatoka tena. Akamchukua mtoto, akambembeleza, akamweka chini. Kisha akachukua ndoo, akahesabu hatua thelathini, akaishusha. Alipika uji mwepesi, akaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine, akaketi na mtoto mapajani. Kasiva alikula mpaka kijiko kikagonga kitu kigumu kwenye ufizi wa chini. Kalondu alimfunua mdomo kwa kidole, akatazama. Lilikuwa jino la kwanza, dogo, jeupe kabisa. Mtoto alilia apewe tena, naye akachota kijiko kingine.