Kaiba Nusu ya Somo

"Ateri ya mapafu inabeba damu gani?"

"Yenye oksijeni," Daktari akajibu bila kusita.

Udaktari wenyewe ulikuwa bado. Ndiyo kwanza binti alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha tiba, ila nyumbani walishamwita hivyo zamani. Aliyemuuliza ni mama yake mdogo, mwalimu wa baiolojia, huku wote wawili wameinamia sinia wakichambua mchele.

"Hapana. Fikiri."

"Ma'mdogo, ateri zote ni hivyo hivyo. Profesa katufundisha kituoni."

Profesa alikuwa mwenye kituo cha masomo ya ziada, juu ya duka la vipuri. Cheo alijipa mwenyewe.

"Hebu nione alivyofundisha."

Daktari akafungua simu. Ukatokea mkono unachora moyo kwa kalamu nyekundu na ya bluu, na sauti ya Profesa ikieleza kwa madaha. Mwalimu hakusikia hata neno. Aliukodolea macho ule mkono, na kovu la tindikali kwenye kidole gumba. Akatazama kidole chake mwenyewe.

Somo hilo alilirekodi yeye, katika maabara ya shule, wanafunzi wakishaondoka. Alikuwa na masomo kama hayo chungu nzima mtandaoni, bure, kwa yeyote asiye na wa kumfundisha. Uso hakuwahi kuonyesha. Dada yake, mama wa Daktari, aliyapuuza tangu mwanzo: vya bure ni vya watu walioshindwa, mwanangu ataenda kituoni. Profesa naye aliyapakua, akafuta sauti, akapachika yake, akauza. Na kwa kuwa kila mwisho wa somo mwalimu alitaja tovuti yake, Profesa alikata miisho yote. Katika mwisho wa somo hili la moyo ndimo alimokuwa amesema: "Lakini ngojeni, ateri ya mapafu ni kinyume."

"Angeiba basi lote!" Mwalimu alifoka, mchele ukamwagika. "Kaiba nusu! Vaa viatu."

Kituoni vijana walikuwa wamebanana kwenye mabenchi. Profesa alisimama kando ya projekta na fimbo yake ya kuelekezea.

"Karibu, mama. Wazazi tunaongea nao baada ya kipindi."

"Sikuja kama mzazi." Akapita mbele, akaweka mkono wake kwenye mwanga wa projekta, kando ya ule uliokuwa ukutani. Kovu kwa kovu.

Profesa alicheka kidogo. "Mama, vitu vya mtandaoni ni vya wote."

"Ni vya wote, ndiyo. Sasa wewe unamuuzia nani? Na ukishaiba, kwa nini usisikilize hadi mwisho? Hawa wanataka kutibu watu!"

"Tusivunjiane heshima mbele ya wanafunzi."

"Heshima gani? Iko wapi hapa?"

Akachukua kalamu, akaandika anwani ya tovuti ubao mzima, kisha akawasomesha ile sehemu iliyokatwa. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni. Inayokwenda mapafuni inaifuata oksijeni huko, haijaipata. Profesa alimwita mlinzi. Mlinzi alifika mlangoni, akaona vijana wote wameinua simu kupiga picha ubao, akabaki hapo hapo.

Ndipo akasimama dada mmoja wa benchi la nyuma, bado na sare ya usafi wa hospitali.

"Mwaka jana swali hilo lilikuja kwenye mtihani," alisema. Hakumtazama mwalimu, alimtazama Profesa. "Nilijibu ulivyotufundisha. Nikalitetea jibu hilo hata kwa wenzangu tulipotoka."

Profesa akaanza kusema kwamba swali moja haliwezi kumwangusha mtu. Hakumaliza. Yule dada alikuwa ameshabeba mkoba wake, na nyuma yake benchi zima. Wengine walibaki wameinamisha vichwa. Walishalipa, wangekwenda wapi.

Kwenye ngazi Daktari alimshika mama yake mdogo mkono. "Nisamehe. Sikuwahi kuyafungua masomo yako."

Mwalimu alijinasua, akamfuata yule dada mbio.

"Umebakiza mada zipi?" alimuuliza alipomfikia barabarani.

"Hata sijui sasa, mwalimu. Sijui kipi nilichofundishwa ni kizima."

"Basi tunaanza upya. Kesho, maabara ya shule yangu. Na wewe," akamgeukia mpwa wake, "unakuja. Yote, tangu la kwanza, na hakuna kuruka mwisho."