Mama wa Mistari Mitatu

Ukungu wa Novemba ulikuwa umeufunika mji mpaka wapiga fidla wawili wakapotea njia ya kwenda kwenye jumba la opera, mahali walipokuwa wakifanya kazi tangu wakiwa vijana. Maestro Ulderico Passerini hakuwagombeza. Aliwangoja wakae, akainua kifimbo chake, mazoezi yakaanza.

Siku hiyo hakuwa anaongoza kazi ya mtu mwingine, kama alivyozoea karibu mwaka mzima. Ilikuwa opera yake mwenyewe, Binti wa Mhunzi, aliyoitunga akiwa kijana kabla ya vita. Uongozi wa jumba ulikuwa umeamua kuirudisha ili ifungue msimu, siku ya Mtakatifu Stefano, kesho yake Krismasi. Na kwa kuwa zamani binti wa mhunzi aliimbwa na Iolanda Merighi, ambaye mji mzima wa kando ya mto Po ulimpenda kama mtoto wao, hakuna aliyefikiria kumpa nafasi hiyo mtu mwingine.

Iolanda aliimba vizuri mpaka karibu na mwisho wa wimbo wake. Kisha sauti yake ikapanda kuitafuta ile nota ya juu, ikaikaribia, ikapasuka. Okestra ikanyamaza. Mpiga tarumbeta akajifanya anafuta tarumbeta yake.

"Ni huu ukungu," Ulderico alisema. "Tupumzike kidogo."

"Tupumzike," Iolanda akajibu kutoka jukwaani. "Lakini si ukungu."

Alimfuata Ulderico chumbani kwake nyuma ya jukwaa, akaketi bila kuvua shali. Ulderico akammiminia kahawa.

"Naweza kuushusha wimbo," alimwambia. "Kidogo tu. Hakuna atakayejua."

"Wale wa viti rahisi vya ghorofa ya juu watajua kabla sijafumba mdomo. Wanakuja na mikate yao na salami, na opera yako wameikariri kuliko wewe." Akanywa kahawa. "Na hata wasipojua, Ulderico, nimejiona kwenye kioo na lile gauni la msichana. Nimefanana na kochi."

"Usiseme hivyo."

"Kochi zuri, sikatai. Lakini binti wa mhunzi ana miaka kumi na minane. Mpe Nives."

Nives Calzolari alikuwa msichana wa kwaya aliyejifunza nafasi hiyo ili awe tayari ikitokea dharura. Ulderico alijua anaweza. Alikuwa amelijua hilo tangu Oktoba, akalifumbia macho.

"Na wewe?"

"Mimi nitaimba mama."

"Mama ana mistari mitatu, Iolanda."

"Sikusahau. Miaka yote nimekuwa nikiondoka nyumbani kwake. Baba anafoka, kwaya inalia, mchumba anaimba weee mpaka watu wanakohoa. Mama anasimama mlangoni, anasema nenda basi, anaingia ndani. Hata sufuria la jikoni limepata sauti humo kuliko yeye. Mwandikie wimbo."

Ulderico alihisi damu inampanda kichwani. Opera ilikuwa imekwisha kutungwa miaka mingi iliyopita, nota zimeshachapwa, na kila asubuhi alikuwa na okestra, kila mchana alikuwa na waimbaji. Muda wa kutunga alikuwa nao wakati wa kiangazi tu, jumba likifungwa.

"Opera si koti," alisema, "useme liongezwe kiraka."

"Lako lingefaa kuongezwa," Iolanda alisema akimtazama kwapani, mahali koti lake la kazi lilipochanika kwa kupunga mikono. Akaweka kikombe mezani, akatoka.

Kwa wiki nzima Ulderico alikataa, na kwa wiki hiyohiyo, kila alipotoka kazini, alikaa kwenye piano akijaribu. Aliandika maombolezo makubwa yenye tarumbeta na ngoma. Akaandika mengine ya kumlilia Bikira Maria. Alipoyapiga aliyasikia jinsi yalivyo: ni wimbo wa binti uleule, umevikwa nguo nyeusi. Hakujua mwanamke yule anafikiri nini pale mlangoni. Alipokuwa kijana hakujiuliza, kwa sababu akili yake yote ilikuwa barabarani pamoja na anayeondoka.

Jumatatu, siku ya mapumziko ya jumba, akapanda treni kwenda kijijini kwa mama yake.

Mama Argia alikuwa amezeeka sana lakini bado alikanda tambi zake mwenyewe. Alimkuta jikoni, mikono imejaa unga hadi viwikoni.

"Umekonda," alimpokea. "Hao matajiri wa opera hawali?"

"Wanakula, mama." Alivuta kiti. "Mama, siku ile nilipoondoka kwenda Bologna kusoma muziki, ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilifikiri umesahau skafu. Na kweli ulikuwa umeisahau."

"Na nilipokwishapinda kona?"

"Nikaingia ndani. Ningebaki nje kufanya nini?"

"Halafu?"

Mama yake aligeuza donge la unga, akalikandamiza kwa kiganja. "Ulikuwa umebakisha supu. Nusu bakuli, kwa kiherehere cha kuwahi treni. Nikaila."

"Ulikuwa na njaa?"

"Sikuwa na njaa hata kidogo. Lakini nani anamwaga supu? Nikaila kwa kijiko chako, imeshapoa. Nikaimaliza. Halafu nikakaa na kijiko mkononi, sitaki kukiosha." Akalikunja donge. "Nikakiosha. Baba yako alikuwa anakaribia kurudi." Kisha akamkazia macho mwanawe. "Mbona unachimbua mambo ya zamani? Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Basi nisogezee huo unga."

Kwenye treni ya kurudi Ulderico hakuandika chochote. Alitazama mashamba meupe kwa ukungu nje ya dirisha, uso ukimwaka kana kwamba amekaripiwa. Lakini siku zilizofuata wimbo ulikuja wenyewe, karibu bila yeye kuuhangaikia. Rafiki yake aliyemwandikia maneno ya opera alikuwa amefariki wakati wa vita, kwa hiyo maneno aliyaweka mwenyewe, machache: bakuli, supu iliyopoa, kijiko. Fidla zikicheza taratibu, na klarineti moja ikishikilia nota ya chini, haisogei mpaka mama aimalize supu.

Iolanda aliusoma akiwa amesimama karibu na piano, akiuimba kwa sauti ya chini. Alipofika mwisho akaurudia.

"Nani amekueleza haya?"

"Mtu mmoja kijijini."

"Mpe salamu zangu," alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Mkurugenzi wa jumba, Bwana Tassinari, hakufurahi. Alikuwa mtu mwema mwenye hofu nyingi, na hofu yake kubwa ilikuwa watazamaji wanyamaze mahali walipotakiwa kupiga makofi.

"Wimbo unaishia chini, Maestro. Watu watajuaje kuwa umekwisha? Weka nota moja ya juu mwishoni, waamke."

"Ningekuwa nayo hiyo nota," Iolanda akadakia, "ningekuwa naimba binti."

Bwana Tassinari akacheka bila kutaka, na mambo yakaishia hapo.

Siku Nives alipoimba na okestra kwa mara ya kwanza, aliipata ile nota ya juu, safi, bila jasho. Wanamuziki wakagonga miguu sakafuni kumpongeza. Ulderico aliinua macho akamwona Iolanda pembeni mwa jukwaa akigeuka na kuondoka kuelekea kwenye korido. Hakumwita. Aliendelea na kazi, akiwasahihisha wapiga selo kitu ambacho hawakukosea. Iolanda aliporudi alikuwa amejipaka poda upya.

"Ameipata," alimwambia. "Mwambie asiing'ang'anie sana, atachoka kabla ya sehemu ya tatu ya opera. Au niache nimwambie mwenyewe."

"Mwambie wewe."

Akamwambia, na tangu siku hiyo wawili hao wakawa wanafanya mazoezi pamoja kabla ya wengine kufika, Iolanda ameweka kiganja chini ya mbavu za msichana akimfundisha mahali pa kuvuta pumzi.

Jioni ya Mtakatifu Stefano jumba lilijaa. Nives alishangiliwa sana, na alistahili. Kisha binti akaondoka, kwaya ikatoka, na mama akabaki peke yake mlangoni. Iolanda aliingia ndani, akachukua bakuli mezani, akaanza kuimba kwa sauti yake mpya, nzito na yenye joto, ambayo mji haukuwahi kuisikia. Ulderico alipunguza mikono mpaka ikawa haionekani kusogea. Klarineti ilipokoma, hakuna aliyepiga makofi. Alingoja. Alitakiwa kuendelea, lakini hakuweza kuinua kifimbo, naye Iolanda hakuondoka.

Kutoka ghorofa ya juu mwanamume mmoja akasema, bila kupaza sauti, "Tena, tafadhali."

Ndipo makofi yakaja. Jumba lilikuwa na utaratibu wa kutorudia nyimbo, na Ulderico ndiye aliyeuweka. Alimtazama Iolanda, Iolanda akainamisha kichwa kidogo, wakaurudia.

Gazeti moja la Milano lilisema ni kituko kutunga wimbo kuhusu supu. Mama Argia, aliyeletwa kwa gari la mpwa wake, naye alikuwa na lake la kusema.

"Yule mama anaimba vizuri," alimwambia mwanawe. "Lakini nani anakula supu amesimama? Mimi nilikaa."

Onyesho la pili kulikuwa na kiti.

Msimu ukaisha, jumba likafungwa, na mwezi Juni Iolanda akaja nyumbani kwa Ulderico na kapu la cheri. Alimkuta kwenye piano, karatasi zimetapakaa hadi chini.

"Hii mpya ina nani ndani?" aliuliza, akiondoa karatasi kwenye kiti ili akae.

"Mjane mmoja na jirani yake. Wanagombania ukuta wa bustani."

"Mjane sauti gani?"

"Ya chini."

"Na ana mistari mingapi?"

"Sijui bado," Ulderico alisema. "Hajanyamaza tangu asubuhi."

Iolanda akaweka kapu la cheri katikati yao. "Haya," alisema, "nisikie."