Alichokisoma Gamaliel Ukutani

Gamaliel alikuwa amepiga picha za arusi mjini Butembo kwa miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kushika kamera mbili mpya kwa siku moja. Ndiyo maana Mashaka alipoingia studio na kuweka masanduku mawili juu ya meza, Gamaliel aliomba kwanza maji ya kunawa mikono.

Mashaka alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi. Babake alikuwa na magari ya mizigo, na Mashaka mwenyewe alikuwa akileta bidhaa kutoka Kampala.

"Jaribu zote mbili juma moja," alisema. "Ile itakupendeza, ubaki nayo. Ingine unirudishie. Lakini usiangushe hata moja, ndugu yangu, nitalia."

Kazi iliyomfanya Gamaliel atafute kamera ilikuwa Beni. Ushirika wa wakulima wa kakao ulikuwa umejenga ukumbi mpya, na ulitaka kutundika humo picha za wakulima kumi na wawili, kila picha ndefu kama mlango. Kamera yake ya zamani isingeweza. Picha zake zilipokuzwa hivyo, uso wa mtu uligeuka uji.

Ya kwanza katika zile mbili ilikuwa ya aina wanayoiita plein format. Ilikuwa nyepesi mkononi na yenye haraka. Ya pili ilikuwa moyen format: nene, nzito, na kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga kilikuwa kikubwa zaidi. Jumamosi alizipeleka zote mbili kwenye arusi kule Vuhovi. Plein format ilinasa kila kitu, bibi arusi akishuka garini, watoto wakirukaruka kwenye matope, hata mchungaji akipiga chafya. Moyen format ilikuwa bado inatafuta uso wa mtu wakati mtu mwenyewe amekwisha kugeuka.

Lakini Jumatatu alimketisha mkewe, Keren, karibu na dirisha la studio, akampiga picha kwa ile nzito. Alipoifungua picha kwenye kompyuta alisogeza kiti karibu na kioo. Mwanga ulikuwa umelala juu ya shavu la Keren kama mafuta. Juu ya nyusi aliona kovu dogo la tetekuwanga ambalo kwa miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwa ameliona.

"Angalia!" alisema. "Angalia hii kitu!"

Keren aliangalia. "Na nani alikuambia napenda watu waone hiyo?" Kisha akasema anachofikiri, kama kawaida yake. "Chukua ile nyepesi. Kwa kazi ya Beni inatosha, na kwa arusi inatosha. Ile ingine kompyuta yetu haiwezi hata kuifungua bila kukohoa."

Alikuwa amesema kweli, na Gamaliel alijua. Ila wapiga picha wenzake wa mjini, watatu au wanne, walikuwa tayari na plein format. Moyen format hakuna aliyekuwa nayo, Butembo nzima. Alikwisha kujiona akipita nayo shingoni kwenye barabara kuu. Hilo hakumwambia Keren.

Jumatano alipanda pikipiki hadi Beni na masanduku yake yote mawili mgongoni. Huko alifikia, kama siku zote, kwa Mama Kaswera, mdogo wa marehemu mama yake, aliyeishi katika mtaa mmoja wa Beu, sehemu ya mji huo. Mama Kaswera alikuwa na shamba la kakao Eringeti, shamba ambalo siku hizi alilitembelea pale tu njia ilipokuwa salama. Siku nyingine zote alikaanga mandazi na kuyauza kwenye meza mbele ya nyumba, na watu wa Beu walikuwa wakisema asubuhi bila mandazi yake si asubuhi. Alikuwa mmoja wa wale wakulima kumi na wawili wa kupigwa picha. Kanisani alikuwa kiongozi wa akina mama. Gamaliel alipokuwa kijana, alikaa kwake miaka miwili akisoma sekondari, na jina la Gama ndiye mama huyo aliyempa.

"Kaa hapo, Mama," alimwambia. "Nataka kujaribu. Nitakupiga picha mara mbili, kila kamera mara moja, halafu kesho nitawaonyesha wakubwa wa ushirika."

Mama Kaswera aliketi karibu na mlango, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Kando yake kulikuwa na meza ndogo yenye Biblia, thermos ya chai, na karatasi. Alinyoosha mkono.

"Ngoja kwanza nitoe hivi vitu juu ya meza."

"Acha tu, Mama. Iko muzuri vile. Mwanga inaingia muzuri."

"Hapana, Gama. Inaonekana mubaya."

"Meza haitaonekana. Nitaikata."

"Kweli?"

"Kweli, Mama."

Alirudisha mkono wake mapajani. Gamaliel akapiga kwa nyepesi, akabadilisha, akapiga kwa nzito. Jioni walikula pamoja, na yeye alizungumza juu ya lenzi mpaka mama yule akaanza kusinzia. Kuikata ile meza hakukumbuka.

Kesho yake saa tatu, ofisini kwa ushirika, watu kama ishirini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi. Gamaliel alirusha picha ukutani kwa projekta, ile ya plein format upande wa kushoto, ile ya moyen format upande wa kulia. Mama Kaswera naye alikuwa pale, kwa sababu ushirika ulikuwa umemwagiza mandazi ya mkutano. Alikuwa amekwisha kuyagawa na alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake, akitabasamu kidogo kwa kujiona mara mbili ukutani.

Gamaliel alieleza. Alionyesha kope. Alionyesha jinsi kivuli cha kidevu kilivyokuwa laini upande wa kulia. Rais wa ushirika, Mzee Kasonia, alikuwa ameinamisha kichwa huku akitafuna.

"Musieur Gamaliel," alisema mwishowe, "mimi naona mama mumoja mara mbili. Tofauti iko wapi?"

Watu walicheka. Hawakucheka vibaya, ila Gamaliel alihisi masikio yakimchoma. Alitaka wakubali. Alitaka waseme, ndiyo, hii nzito, hakuna kama hii. Macho yake yakatafuta kitu chenye herufi, maana herufi hazibishaniwi, yakakiona: kadi ya rangi ya manjano chini ya thermos, nusu imetokeza.

"Sawa," alisema. "Angalieni hapa. Kushoto, hii carte, mutu anaweza kusoma?" Aliikuza. Mistari ilionekana kama ukungu. "Hakuna. Sasa kulia."

Aliikuza ya kulia. Kadi ilijaa ukuta mzima, kila herufi imesimama wazi. Naye akaanza kusoma kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, kidole kikifuata mistari.

"Jina, Kaswera. Miaka, hamsini na nane. Ugonjwa, tu-ber-cu-lose. Kuanza dawa, tarehe sita…"

Hapo ndipo akili ilipoufikia mdomo: kifua kikuu. Alisimama na kidole chake ukutani.

Feni ya projekta ilikuwa inavuma. Mtu mmoja wa benchi la mbele, mwenye nusu ya andazi mkononi, aliliweka taratibu kando yake, kisha akajifuta vidole kwenye suruali. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akaacha kutafuna. Mzee Kasonia alitazama andazi lake, akalishikilia tu, hajui alipeleke wapi.

Mama Kaswera hakutazama ukuta. Alimtazama Gamaliel. Kisha alifunika beseni kwa kitambaa, akakunja pembe zake nne, moja baada ya nyingine, akatoka.

Mzee Kasonia alikohoa. "Bon. Tuendelee. Na betri, inakaa saa ngapi?"

Na Gamaliel akajibu. Hili ndilo lililomtafuna baadaye kuliko hata kusoma. Alizima ile picha, akasimama mbele ya watu wale, akazungumza juu ya betri, juu ya uzito na juu ya lenzi, dakika kumi nzima, huku akijisikia kama redio iliyosahauliwa ikisema katika nyumba isiyo na watu. Hakumkimbilia mama yake mdogo. Alimaliza mkutano.

Alipofika nyumbani, Mama Kaswera alikuwa uani. Unga aliokuwa ameukanda kwa ajili ya mauzo ya jioni ulikuwa umeumuka ukafurika kando ya beseni, na moto ulikuwa haujawashwa.

"Mama, unisamehe. Sikujua ile carte ilikuwa ya nini."

"Kusoma unajua, Gama. Mimi nilikulipia shule."

Gamaliel alichuchumaa karibu naye. Hakujua aweke wapi mikono.

"Docteur aliniambia, baada ya majuma mbili ya dawa, siambukizi mutu tena," mama alisema, akiutazama ule unga. "Mimi sikuamini haraka. Nilikaa majuma ine, mwezi muzima, bila kupika, nikawaambia watu mugongo inaniuma. Mpaka akanipima tena ndiyo nikarudi kwa kazi. Sasa niko mwezi wa tatu. Sikukosesha mutu kitu. Lakini leo nani atanisikia?"

"Nitarudi kule. Nitawaeleza yote vile uliniambia."

"Hapana." Alisema polepole, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Umeisha kusema ya kutosha juu ya mwili wangu."

Gamaliel alirudi Butembo siku ile ile. Kesho yake Mashaka alipopita studio, alimkabidhi sanduku la ile nzito.

"Hukuipenda?"

"Iko nzito sana," Gamaliel alisema. "Na iko polepole. Arusi haingoji. Halafu picha zake zinakula kompyuta."

"Nilijua tu," Mashaka alisema. "Kamera ya watu wenye nafasi ile."

Yote aliyoyasema Gamaliel yalikuwa kweli. Mtu angeweza kuyaandika kitabuni. Lakini aliposikia jinsi yalivyotoka laini, uso ukamwaka moto, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza mpaka Mashaka akaondoka. Alipoinuka, Keren alikuwa mlangoni.

"Uliniambia unairudisha sababu ya Mama Kaswera," alisema.

"Ndiyo, sababu yake. Sipendi kuiona tena."

"Kwa hiyo ni kosa ya appareil?"

Gamaliel aliokota waya wa chaja, akaanza kuukunja.

"Kamera haikusoma, Gamaliel. Hata ile nyepesi ungepata namna ya kumuaibisha nayo, kwa sababu ulitaka watu wakuangalie wewe." Aliona amemwumiza, akashusha sauti, ila hakuacha. "Rudi Beni. Na ukifika usimwambie wewe unataka kufanya nini. Muulize yeye anataka nini."

Ilimchukua siku nne kupata nguvu za kwenda. Kila asubuhi alipata sababu, mara mvua, mara mteja. Siku ya tano alienda. Alikuta meza ya mandazi imewekwa mbele ya nyumba kama kawaida, na mandazi yamepangwa, mengi, saa ambayo zamani ingekuwa imebaki sahani tupu. Watu walipita wakisalimu kwa heshima zote, "Wavukire, Mama," na kupita. Bénite, binti wa Mama Kaswera, alimwona Gamaliel akaingia ndani bila kumsalimu.

Aliuliza alilofundishwa kuuliza. Mama Kaswera alipangusa kwanza meza.

"Leta kiti," alisema. "Kaa hapa kando yangu, watu wanapita. Ukule."

"Ni hiyo tu?"

"Unaona ni kidogo?"

Haikuwa kidogo. Alikaa pale siku sita, tangu asubuhi hadi mchana, akila mandazi na kunywa chai katika kikombe cha mama yake mdogo, mtaa mzima ukimtazama. Habari ilikuwa imefika Beu yote, na hata watoto wa shule walijua yule ndiye aliyesoma. Wengine walinong'ona. Kijana mmoja wa pikipiki alimpigia kelele: "Musomaji! Leo unatusomea nini?" Gamaliel aliinamisha macho kwenye kikombe. Mama Kaswera hakumtetea wala hakumcheka. Alimwongezea andazi lingine.

Siku ya nne Mzee Kasonia alifika kwa miguu, akanunua matano, akala mawili amesimama hapo hapo, akizungumza juu ya mvua. Baada yake walikuja wawili watatu. Kanisani, hata hivyo, alikwisha kuchaguliwa kiongozi mwingine wa akina mama, kwa muda tu, walisema, Mama Kaswera apumzike.

Picha za ukumbi Gamaliel alizipiga mwezi uliofuata kwa ile plein format, na zilitoka safi. Zilikuwa kumi na moja. Mama Kaswera alikataa, na safari hii hakuna aliyembembeleza. Mahali pake Mzee Kasonia alitundika saa. Siku ya kufungua ukumbi, karibu miezi mitatu baadaye, watu walisifu, wakampa Gamaliel mkono. Alishukuru, lakini macho yake yalikuwa yanarudi kwenye ile saa, akaondoka kabla ya chakula.

Alipita Beu. Mama Kaswera alikuwa amemaliza dawa zake juma lile, naye alikuwa mezani pake na matone ya mafuta kwenye mikono ya kanzu yake. Gamaliel alivuta kiti akaketi. Jirani mmoja, mwanamke aliyekuwa akinunua pale kila siku tangu zamani, alisimama mbele ya meza na mtoto wake mgongoni.

"Unipe ine, Mama," alisema, akionyesha vidole vinne. Kisha akamtazama Gamaliel, akatazama mandazi, akahamisha uzito wa mtoto. "Hapana. Mbili tu."

Mama Kaswera alifunga mawili kwenye karatasi, akampa kwa mikono miwili, akamwambia asante.