Joto la Paji la Maman Nzigire

Asubuhi, kwenye daraja dogo la mpakani, Drocella alifuta kipimajoto kwa spiriti, akavaa barakoa, akaanza kuwapima homa wanawake waliokuja kwa miguu kutoka Bukavu kuingia Rwanda. Alikielekeza kwenye paji la uso, kikalia, mtu akapita. Kwa Maman Nzigire kilisoma arobaini na moja.

"Maman, leo tena uko na moto."

"Si mimi, mwanangu. Ni ile kitu ya ndani ndiyo ilikula."

Ilikuwa kweli. Nyuma ya paji la Maman Nzigire kulikuwa na kiini cha galaksi, kama alivyokuwa nacho shangazi yake. Katikati kuna shimo jeusi. Likila, pembezoni mwake hung'aa. Vumbi linalolizunguka huupokea mwanga huo na kuurudisha baadaye kama joto, ambalo macho hayalioni, ila kipimajoto hulihisi. Lisipokula, joto hushuka. Mwenyewe hakuwahi kuumwa hata kichwa.

Kidumu cha uji wa mtama alichojitwika kilifuka mvuke. Binti yake Micheline alikuwa amejifungua huko Gihundwe, upande wa Rwanda, na maziwa yalitoka kidogo mno. Uji wa kumhemba mzazi, yaani kumpongeza na kumrudishia nguvu na maziwa, huletwa na mama yake, si jirani.

"Mutoto yangu amezala, na wewe unanirudisha sawa muntu wa ugonjwa," alisema bila ukali.

Mkuu wa zamu, Ndizeye, alisogea, akasikiliza habari yote.

"Galaksi haimo kwenye maagizo," alisema. "Moto umo."

Maman Nzigire akarudi Bukavu na uji wake. Ikawa hivyo tena na tena. Drocella aliona haya kubishana na mkubwa, ila chuoni walimfundisha kuangalia, basi akaangalia. Uso wa Maman Nzigire ulipowaka, alibaki kwao ng'ambo, na mwanga wake ulionekana mpaka darajani. Joto lilifuata siku kadhaa baadaye, mwanga ukiwa umeshafifia.

"Maman," alimnong'oneza, "usikuje tena siku ya moto. Ukuje siku unawaka."

"Nikuje nikiwa taa?"

"Ndiyo. Taa pia haimo kwenye maagizo."

Siku aliyokuja, ukungu ulikuwa umeziba mto. Aliwaka hivi kwamba mwenzake kwenye foleni alipata kutunga uzi kwenye sindano. Kipimajoto kilisoma thelathini na sita. Ndizeye alikinga macho kwa kofia, akasoma namba.

"Apite."

Nyuma yake likaja gari la jipu, vioo vimefungwa. Ndani bwana mmoja alikohoa, jasho likimtiririka. Drocella akainua kipimajoto. Ndizeye akamshusha mkono.

"Wa gari hawapimwi. Kioo kinavuruga kipimo."

"Si angekishusha, chef?"

"Apigwe na baridi?"

Drocella akafungua kizuizi.

Barabara ya kupanda Kamembe, njia ya kwenda Gihundwe, haikuonekana kwa ukungu. Dereva akazima taa zake, akamfuata Maman Nzigire polepole kwa mwanga wake, mpaka juu. Hakuna aliyemwambia Maman apande garini.