Mbao Ndani ya Tangi la Nne

Nyumbani walimwita Pua tangu utotoni, kwa sababu alijua kilichomo chunguni kabla mama yao hajafunua. Pua hiyohiyo ndiyo iliyomfanya awe mtengeneza mvinyo wa familia, huku kaka yake akishika mauzo. Na ndiyo iliyomwambia, asubuhi ile alipofungua bomba la tangi la nne na kukinga glasi nusu, kwamba kuna mtu amelichezea.

Mvinyo ulinukia vanila.

Tangi lile lilikuwa la zabibu za mteremko wa juu, penye mawe matupu, ambako mizabibu huzaa vichala vidogo vya zabibu zenye ganda gumu. Mvinyo wake hukwaruza ulimi, kisha huacha harufu ya jiwe lililonyeshewa baada ya jua kali. Mwaka huu Pua aliomba kitu kimoja tu: matangi mengine mtaalamu waliyemwajiri ayafanye atakavyo, hili aliache.

Akapanda ngazi, akachungulia. Mifuko miwili ya vipande vya mbao, vile vya kuupa mvinyo harufu tamu, ilikuwa inaelea.

Kaka yake alikuwa ofisini, anabandika lebo.

"Kaka, nani katia mbao kwenye tangi la nne?"

"Mtaalamu. Katia na unga kidogo wa kupunguza ukali. Nilimruhusu mimi."

"Si tulikubaliana?"

"Hiyo ni kabla mnunuzi wetu mkubwa hajaonja. Juzi alionja, akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa. Ningefanyaje?"

"Ungeniita!"

"Nikuite uje umfokee mteja? Mwaka juzi tulikuachia tangi zima, likageuka siki. Sikukulaumu, dada'ngu. Lakini siwezi kurudia."

Lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alitoa kabatini chupa nne za majirani, ambazo kaka aliziweka ili awajue washindani wake, akamimina glasi nne, na ya tano akaenda kuijaza kwenye tangi la nne.

"Zibadilishe nafasi nisione. Nitakuonyesha yetu."

Akageukia ukuta, kaka akitia alama chini ya kila glasi na kuzipangua. Alipogeuka tena alinusa zote, akaonja, akarudia tena na tena mpaka fizi zikamkauka. Mwishowe akagusa ya tatu.

Kaka akatazama alama chini ya glasi. "Hii ya jirani wa ng'ambo ya barabara." Akacheka, kisha akamwona uso, akaacha.

"Mimi ndiye ninayepogoa kila mzabibu kule juu," Pua akasema. "Na siujui mvinyo wangu."

"Lakini zote tano tamu," kaka akasema kwa upole, na upole huo ndio uliomuudhi zaidi. "Chema chajiuza."

"Huku ni kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa!"

"Chupa ndiyo tunayouza, dada."

Ukauzika wote. Barua ya mnunuzi iliusifu kwa ulaini.

Msimu uliofuata Pua hakuomba ruhusa. Alivuna mteremko wa juu, akaweka mavuno kwenye mapipa matatu makuukuu katika stoo ya majembe, akafunga kufuli. La kwanza likawa siki. La pili likanuka ukungu. La tatu likatoa mvinyo mkali, mkavu, usio na adabu, na wa kule juu bila shaka yoyote.

Kaka alionja funda moja.

"Huu hauuziki."

"Najua."

Akaiweka glasi mezani, akarudi kwenye lebo zake. Pua akaimaliza yeye, akiwa wima, bado ana hasira: na kaka, na mtaalamu, na yale mapipa mawili.